Upande wa Nyuma wa Bizimu

Mwalimu Dehbia hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa jambo moja tu. Ukimwekea pambo la fedha kiganjani naye amefumba macho, alilipitishia kidole gumba, akalirusha kidogo kulipima uzito, kisha akakuambia limefuliwa kijiji gani, na mara nyingi akakutajia na fundi. Walimjaribu wengi. Hata mabinti wa chuo kikuu waliopanda milima yetu na kamera zao walimjaribu, wakarudi mjini wakisimulia.

Alikuwa mwembamba, mwenye miwani mizito, na kusema mbele ya watu wazima kulimpa shida. Watoto wa shule ndio aliowazoea, na hao aliwafundisha miaka thelathini hapohapo Ighil Azru mpaka alipostaafu. Hakuolewa. Alibaki katika nyumba ya baba yake, Belaid, sonara tuliyemwita Dda kwa heshima ya umri, na karakana ya marehemu ilikuwa chini ya chumba alicholala. Miaka kumi na minane baada ya kumzika, fuawe yake ilikuwa bado pale alipoiacha, imefunikwa gunia.

Mapambo aliyoyakusanya yalikuwa sitini na moja: bizimu za duara za kubania nguo, vikuku vya miguu, mikufu, vibweta vidogo vya kutilia hirizi. Alianza kuyatafuta zamani, pale maharusi walipoanza kudai dhahabu na wachuuzi wa mjini wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kununua fedha ya bibi zetu ili wakaiyeyushe. Dehbia aliwatangulia wachuuzi. Aliingia uani na miwani yake, akakaa, akanywa kahawa, na swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza pambo lilivaliwa na nani, siku gani, na mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Wanawake walimpenda kwa hilo. Wengine walimpa bure, ili mradi aliandike jina la marehemu kwenye kijikaratasi na kukifunga pamoja na pambo.

Nyumbani aliyapanga kwenye saraka, yamelala kifudifudi. Mgeni akishangaa, alimweleza alichofundishwa na baba yake: uso wa bizimu hutengenezwa kwa ajili ya wageni, lakini mgongo fundi huutengeneza kwa ajili ya nafsi yake. Huko nyuma, pasipoonekana na mtu, ndiko utajua kama alikuwa na haraka, kama alikuwa na njaa, kama aliipenda kazi. Na migongo ya bizimu za Dda Belaid ilikuwa mizuri kuliko nyuso za mafundi wengine. Rangi ya kuchoma aliitandaza humo kama vile angeulizwa na Mungu: buluu, njano, na kijani chake peke yake, kijani kilichofifia kama tumbo la jani la mzeituni, ambacho hakuna aliyewahi kukiiga.

Basi mwaka ule Taos, mke wa Meziane, alijifungua mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu, na nyumba ya mama yake Meziane, Smina, tunayemwita Nna kwa heshima ya umri, ikafanya karamu ya siku ya saba.

Kwetu, mwanamke akizaa binti, bizimu ya duara huivaa kifuani. Akizaa mwana, huivaa kwenye paji la uso, na hapo hahitaji kumwambia mtu kitu. Bizimu ya nyumba ya Nna Smina ilikuwa ya mama mkwe wake, pana kama kisahani cha kahawa, ina marijani tisa: moja kubwa katikati na nane kuizunguka. Nna Smina mwenyewe alivishwa alipomzaa Meziane, miaka arobaini iliyopita. Sasa ilikuwa zamu ya Taos, ambaye kwa miaka kumi na mbili alivumilia maneno juu ya tumbo lake lisilojua kuzaa ila mabinti.

Chumba kilijaa wanawake. Taos alikaa juu ya godoro, mto mgongoni, mtoto mapajani, paji lake limefungwa kitambaa cha hariri tayari kwa kupokea bizimu. Mabinti zake watatu walijipanga miguuni pake wamepakwa hina. Nna Smina, aliyekuwa akitembelea fimbo tangu avunjike nyonga, aliifungua leso, akaitoa bizimu, vigelegele vikapigwa. Lakini kabla ya kumvisha mkwewe akamgeukia Dehbia.

"Ishike kwanza, mwalimu," alisema. "Waambie hawa mabinti wa siku hizi wanaangalia nini. Wao wanajua simu tu."

Dehbia aliipokea kwa mikono miwili. Na kwa mazoea, bila kufikiri, akaigusisha marijani ya katikati kwenye mdomo wake wa chini. Ndivyo tunavyofanya. Marijani ya kweli ni baridi kama jiwe la mtoni, na huchelewa kupata joto. Hii haikuwa baridi. Akaigusa ya pili. Akaigusa ya tatu.

"Hii si marijani," alisema.

Alilisema kwa sauti ya darasani, sauti ile inayofika mpaka dawati la nyuma. Vigelegele vikakatika. Nna Smina akauliza amesemaje, na Dehbia, kama mwalimu aliyeombwa arudie imla, akarudia. "Ni plastiki. Zote tisa."

Ndipo alipoigeuza.

Mgongo wa bizimu ulikuwa na ua la majani manane, na jani moja lilikuwa limekarabatiwa kwa kijani kile. Akaipindua tena, akaisogeza karibu na miwani. Kila kikombe kidogo kilichoshika marijani kina ukingo wa fedha unaokandamizwa kuibana isitoke. Kuitoa marijani lazima uufungue ukingo, na kuirudisha lazima uukandamize upya. Kingo hizi zilikandamizwa mara mbili. Chini kulikuwa na mkandamizo wa kale, laini. Juu yake kulikuwa na alama nyingi ndogondogo kama meno ya panya. Baba yake alikandamizia kipande cha tupa iliyovunjika, aliyokataa kuibadilisha maisha yake yote. Meno hayo Dehbia aliyajua kabla ya kujua kusoma.

Akafunga mdomo.

Pembeni yake watu walishaanza kuulizana. Ouiza, dada yake Meziane, alisema bizimu haijawahi kutoka nyumbani. Nna Smina akasema haijawahi, tangu yeye ni bibi harusi imo ndani ya sanduku lile lile. Mmoja akauliza funguo za sanduku ziko na nani siku hizi. Wote walijua. Tangu Nna Smina avunjike nyonga, miaka mitano sasa, funguo zilining'inia kiunoni kwa Taos.

"Mnaniangalia mimi?" aliuliza Taos.

"Hakuna anayekuangalia, mwenzangu," alijibu Malha, jirani asiyeweza kuliacha neno likapita bure. "Tunaangalia ukuta ulio nyuma yako."

Wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha. Nna Smina aliichukua bizimu kutoka mikononi mwa Dehbia, akaifunga tena kwenye leso, fundo moja, fundo la pili, akaitia kifuani mwake. Taos akabaki na kitambaa cha hariri kwenye paji, hakina kitu. Binti yake mkubwa alimtazama mama yake, halafu akamtazama mwalimu wake, maana Dehbia ndiye aliyemfundisha kusoma.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Ilitosha sentensi moja. Dehbia aliitafuta, akaiona, na ulimi wake ukawa mzito kama umekunjwa. Sinia za kuskusi zikaletwa, kuku juu yake na mayai ya kuchemsha, na watu wakashukuru kupata kitu cha kufanya. Akapewa kijiko. Akala. Baadaye, katika yote, hilo ndilo lililomrudia mara nyingi zaidi, kwamba alikula mpaka yai.

Usiku ule aliyatoa mapambo ya baba yake, kumi na moja, akayapanga kitandani. Alitaka kukuta amekosea. Aliyagusa moja moja mdomoni. Yote yalikuwa baridi, marijani safi, na kwa muda akapumua. Kisha akaona alivyo mjinga. Haya ni yale Dda Belaid aliyoyatengeneza mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake, mengine akimwambia ni ya kuvaa siku ya harusi yake. Marijani zake alizitoa wapi? Alisema alinunua pwani, El Kala. Dehbia alijaribu kukumbuka safari hata moja ya baba yake kwenda El Kala.

Alichokumbuka ni kingine. Alikuwa na miaka kumi na minne, anasoma shule ya bweni mjini Tizi Ouzou, binti wa kwanza wa kijiji chetu kufika huko. Baba yake alimwambia awe anamletea miswaki iliyotupwa na wenzake, ile yenye mpini mwekundu, na vitana vyekundu vilivyovunjika. Mpini wa mswaki, alisema, ni mzuri kwa kusugulia fedha. Dehbia alifurahi kupata cha kumletea. Alipita mabweni yote, akaomba, akaokota, akavumilia kuitwa mama takataka. Likizo ya masika alirudi na mfuko mzima, na Dda Belaid akaumwaga mezani, akachagua, akaweka kando vipande vyenye wekundu mzito, unaofanana na damu, akambusu kichwani. Alisema hakuna fundi mwenye binti kama wake.

Aliwaza kama karo ya bweni ilitoka humo. Hakuwa na njia ya kujua. Aliyarudisha mapambo kwenye saraka, na kwa mara ya kwanza akayalaza uso juu.

Siku ya tisa Taos alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwao, kijiji cha ng'ambo ya bonde. Mzazi kutoka nje kabla ya siku arobaini ni jambo zito kwetu, na watu walilifasiri kila mmoja kwa namna yake. Ouiza alilifasiri kwa sauti kubwa. Alikumbusha kwamba kaka yake Taos amefungua duka la simu mwaka uliopita, na akauliza kama mtaji ulitoka mbinguni.

Siku hizo Dehbia alimpigia Ouiza simu. Alikusudia kusema yote, alikuwa ameandika hata maneno kwenye karatasi. Ouiza alipopokea, kilichotoka ni kwamba huenda kazi ile ya plastiki ni ya zamani kidogo.

"Kidogo kiasi gani, mwalimu?" aliuliza Ouiza. "Miaka mitano?"

Dehbia alisema hawezi kupima kwa macho tu.

"Lakini miaka mitano inawezekana."

Alisema kila kitu kinawezekana. Ouiza akamshukuru sana kwa msaada, na jioni hiyo kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu Dehbia, ambaye hakosei, amesema ni miaka mitano.

Malha ndiye aliyemletea habari za mwisho, Jumatano, na mayai sita ndani ya kapu ili ziara iwe na sababu. Alikaa, akapewa kahawa, akaeleza. Meziane amekwenda kumchukua mkewe, wakwe wamemkatalia. Nna Smina amesema hataki ugomvi, anataka ukweli. Basi wazee wameamua Taos aende kaburi la walii siku ya Ijumaa, aweke mkono juu ya shuka la kijani, aape. Akiapa anarudi nyumbani na maneno yanaisha.

"Na yeye kakubali?" aliuliza Dehbia.

"Kakubali. Afanyeje? Ana mabinti watatu huku wanamlilia." Malha alikoroga kahawa yake. "Ila wewe unajua na mimi najua. Mwanamke akishapelekwa kuapa, ameshapelekwa. Awe msafi kama maziwa. Siku wanakuja kuwaposa wale mabinti, mtu atauliza, mama yao si yule aliyeapishwa? Halafu wanakunywa kahawa wanaondoka."

Malha alimtazama, akasema ana rangi mbaya, ale mayai.

Alhamisi asubuhi Dehbia alivaa gauni lake la sikukuu, sijui kwa nini, akaenda kwa Nna Smina. Alimkuta peke yake barazani anachambua maharagwe, fimbo kando. Alimsalimia, akambusu kichwani kama inavyopasa, akakataa kiti. Akaomba aione bizimu. Nna Smina aliitoa kifuani. Dehbia akamwonyesha kingo, moja baada ya nyingine, alama za meno ya panya. Akamwonyesha jani la kijani. Akamuuliza kama bizimu hii haikuwahi kupelekwa kwa fundi kabla ya yeye kuvishwa.

Nna Smina alifikiri. "Ilipelekwa. Jani moja lilibanduka rangi, mama mkwe akaipeleka ikakaa mwezi. Lakini hiyo si kutoka nje. Ilikuwa kwa baba yako."

"Ndiyo," alisema Dehbia. "Ilikuwa kwa baba yangu."

Mama mzee aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda, mabovu huku, mazima huku, mpaka mikono ikaelewa kabla ya kichwa, ikasimama. Alisema Dda Belaid alikula mkate ndani ya nyumba hii. Alisema mama mkwe wake alimpa bizimu ile bila kuhesabu marijani mbele yake, maana kumhesabia mtu kama yule kungekuwa ni kumtukana. Hakupandisha sauti. Dehbia angependa apandishe.

"Na wewe umelijua lini?"

"Palepale, Nna Smina. Nilipoigeuza."

"Palepale, mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Leo siku ya ngapi?"

Dehbia alisema ni ya kumi na tisa tangu mtoto azaliwe. Akaanza kuomba radhi, na Nna Smina akamnyamazisha kwa kiganja. "Nitolee maneno yako. Ulichokisema mbele ya wanawake arobaini unakuja kukifuta mbele ya kikongwe mmoja, barazani, asubuhi, majirani wako shamba? Hapana, binti yangu. Kesho utakuja kaburini na sisi."

Ijumaa walifika kabla ya jua kuwa kali. Kaburi la walii liko juu ya kijiji, nyumba ndogo nyeupe, mtini mmoja mlangoni. Wanawake walikuwa wengi kuliko wale wa karamu, na wanaume wachache walisimama mbali wakijifanya wanazungumza mambo yao. Taos alikuja na mama yake, viatu mkononi, mtoto mgongoni, amefunga kilemba cheupe. Alikuwa amekonda. Hakumtazama mtu. Alimpa mama yake viatu, akavuka kizingiti, akanyoosha mkono.

"Subiri, Taos," alisema Dehbia.

Sauti ya darasani haikuja. Ilikuja nyingine, nyembamba, na walio nyuma wakamwambia aseme juu. Ikabidi aanze upya. Alisema marijani zilitolewa miaka arobaini iliyopita, kabla Taos hajazaliwa. Alisema zilitolewa na Belaid, baba yake, sonara wa kijiji hiki, na kwamba alama za kifaa chake zipo na yeyote mwenye macho anaweza kuziona. Hapo angeweza kuishia. Nna Smina alikuwa tayari ameshaitikia kwa kichwa. Lakini aliendelea, akasema ile plastiki ni mipini ya miswaki, na miswaki aliiokota yeye mwenyewe akiwa shule, mfuko mzima, akamletea baba. Hakujua ya nini. Lakini siku ya karamu alijua, akanyamaza, na alipoulizwa na Ouiza kwa simu akanyamaza tena kwa namna nyingine.

Mwanamume mmoja kule mbali aliuliza kuna nini, akaambiwa anyamaze.

Taos alikuwa ameurudisha mkono wake, ameushika kwa mkono wa pili. "Uliona siku ile ile," alisema. Haikuwa swali.

"Niliona."

"Nikiwa nimekaa pale, damu ya uzazi haijakatika. Binti yangu akikuangalia wewe."

"Ndiyo."

"Halafu ukala kuskusi yangu."

Dehbia alisema ndiyo.

"Baba yako simjui," alisema Taos. "Nimezaliwa nikamkuta mzee, akanipa pipi. Mungu atamalizana naye. Lakini wewe nakujua." Akachukua viatu vyake kwa mama yake, akavivaa kimoja kimoja bila haraka, akamwambia mumewe aliyekuwa chini ya mtini kwamba kama anakuja kumchukua, basi aje, jua linamchoma mtoto.

Ouiza alilia sana njiani, akataka kumbebea mtoto, akanyimwa.

Alasiri hiyo hiyo Nna Smina alimvisha Taos bizimu kwenye paji la uso, mbele ya wale waliokuwepo siku ya saba. Dehbia aliitwa. Hakuketishwa karibu na godoro. Alikaa mlangoni, penye viatu, na hapo ndipo alipotoa alichokuja nacho: leso yenye marijani tisa, nyekundu, baridi, alizozing'oa alfajiri kwenye bizimu mbili za baba yake. Aliomba aruhusiwe kuzitia mahali pake. Kazi hiyo aliijua.

Taos hakuigusa leso. "Hizi ulizing'oa wapi?"

"Kwenye zangu."

"Na za kwako, baba yako alizing'oa wapi?" Alingoja kidogo. "Huna jibu. Basi mimi nivae marijani ya nani kichwani? Ya mama wa Malha? Ya nani? Rudi nazo. Mimi nitavaa miswaki yangu, angalau najua ilikotoka."

Wanawake walicheka, na safari hii kicheko hakikukatika. Dehbia aliikunja leso. Alikumbuka vijikaratasi vyote vile alivyovifunga kwenye mapambo, jina la marehemu na siku aliyovaa, na akaona kwamba yale kumi na moja ya baba yake hayakuwahi kuwa na karatasi.

Jumatatu Malha alipiga hodi, bila mayai. Nyuma yake walisimama wanawake watano, na kila mmoja ana kitu ndani ya kitambaa. Malha aliingia, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaweka bizimu yake mezani.

"Haya, mwalimu. Hii nayo ilikwenda kwa baba yako, mwaka wa theluji kubwa. Niangalizie. Na usinihurumie."

Dehbia alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alichukua bizimu, akaigusa mdomoni mahali saba. Akaigeuza. Alichukua muda mrefu hata Malha akaanza kugonga meza kwa kucha.

"Tatu ni za kweli," alisema Dehbia. "Nne ni zake."

Malha alishusha pumzi. Akasema mama mkwe wake alikuwa akimlazimisha kuibusu bizimu hii kila Idi, kwa sababu ya baraka za marijani. Miaka ishirini amebusu miswaki ya watu. Aliwageukia wenzake mlangoni akalirudia neno hilo, nao wakaangua kicheko, na Malha mwenyewe akacheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akaacha, akainama juu ya meza.

"Huku nyuma mbona sijawahi kuangalia," alisema. "Hii rangi ni yake?"

"Ni yake."

"Alikuwa anajua kazi, shetani yule."

"Alikuwa anajua," alisema Dehbia, na uso ukamwaka moto, maana kidole chake kilikuwa kimeshaanza kulifuata ua la kijani la mgongo huo, jani kwa jani, kama kilivyozoea. Akakiondoa. Alimrudishia Malha bizimu yake, akafungua saraka, akatoa bizimu mbili zilizobaki na matundu, na leso ya marijani tisa, akaziweka mezani mbele ya wote. Akawaambia hajui zipi ni za nani, lakini ziko hapa, wazishike, wazipime na vikombe vya bizimu zao, na ikiwa kuna itakayoingia mahali pake bila kulazimishwa, ni yao. Kisha akamwita aliyefuata mlangoni, aingie.